Barua ya Nduwayezu na Mashine Yangu ya Mtendeli

Jumatatu, 3 Juni 2024
Imekataa tena! Nikifungua programu ya barua pepe, inaandika kosa la memori, inajizima. Kizungu sikisomi, ila memori naijua kwa sura. Nikalichapa hilo kosa kwenye karatasi, nilichunguze vizuri. Mashine hii niliibeba kichwani kutoka Mtendeli kambi ya wakimbizi ilipofungwa, mpaka Kasulu, kwenye mvua, na haikulowa!

Jirani yangu Esteri kaja. Jumamosi wanaganduka, wanamaliza msiba wa mwanawe Nduwayezu aliyefia ughaibuni. Anataka barua yake ya mwisho isomwe mbele ya watu. Alikuwa akimwandikia kupitia barua pepe yangu, kwa hiyo imo humu tu. Programu hii ya kizee huvuta barua zote ndani, mtandaoni haiachi kitu. Nikamwambia, mama, tulia, umefika kwa mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Nimeifungua. Vumbi jekundu, ungepanda mihogo! Nikachomoa kadi ya memori, nikaisugua na raba. Ikawaka! Barua nikaiona. Khatibu, yule wa duka la simu ng'ambo ya barabara, akanisihi niichape palepale. Nikamwambia akauze chaja zake. Fundi humaliza kazi kwanza. Nikaisugua tena na gongo, ing'ae.

Kosa lile lile. Khatibu anauliza aliyelewa ni mashine au fundi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimegundua! Programu imeshiba. Nikairudia kwa raba, ikafunguka, nikafuta barua za zamani ipumue. Ikauliza kwa Kizungu, nadhani ibane zilizobaki? Bana! Ikabana mpaka ikaganda. Nikachomoa waya.

Kuwasha, sanduku jeupe. Hakuna hata barua moja. Esteri kapita na ndizi za pombe ya Jumamosi kichwani, akauliza. Nikasema iko tayari.

Jumamosi, 8 Juni
Nilisimama na karatasi ile ya kosa. Mimi nishindwe kutunga barua? Mama mpendwa, huku baridi kali, nakula vizuri, naiota migomba yetu. Watu wakalia! Hata mimi nililia, kwa nilivyosoma vizuri.

Esteri hakulia. Akasema tangu aanze kuongea, mwanawe alimwita mawe, mama kwa Kirundi. Mama mpendwa hajawahi. Akaomba karatasi, akampa binti yake Winnie. Winnie akaisoma kimya, akaigeuza, akatazama nyuma. Akasema mawe, hapa pana kosa la kompyuta tu, hakuna maneno ya kaka.

Esteri akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga hivyo hivyo.

Mtungi wa pombe ukawekwa katikati, mirija ikagawiwa. Mimi sikupewa.

Jumatatu, 10 Juni
Esteri kapita bila salamu. Nikamtania, mama, umeondoka na karatasi yangu! Hakugeuka. Msiba unachosha watu.

Mteja mwingine, Fidele, kaleta kompyuta yake. Kosa lile lile la memori. Picha za marehemu mkewe zimo humo tu. Khatibu akapiga kelele kutoka ng'ambo, Fidele, zitoe picha kwanza! Wivu huo. Nikamwambia Fidele, tulia, umefika kwa mwenyewe.

Raba ipo. Gongo imebaki kidogo, inatosha.