Michezo Mitatu ya Hoteli Morvane Niliyomchagulia Blandine

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku kubwa! Asubuhi nilipita farmasi kununua dawa ya kichwa. Kichwa hakikuuma, lakini muuzaji ni Blandine. Nilimkuta amefurahi. Kaka yake wa Lubumbashi amemtumia konsoli yenye Hoteli Morvane zote, ile michezo ya video ya kutisha, ya kwanza mpaka ya saba. Ya nane inatoka mwisho wa mwezi, na kabla yake ana muda wa kucheza tatu tu. Akatuuliza tuliokuwepo: kati ya zile za zamani, achague zipi?

Guy alikuwa pale. Guy hutengeneza simu ng'ambo ya barabara, na ana tabia mbaya ya kujua mambo. Alifungua mdomo. Nikamtangulia! Nilisema nimecheza zote saba, mara mbili mbili.

Ukweli, kwa daftari hili peke yake: niliwahi kucheza ya tatu kwa dakika nne. Mtoto akalia ndani ya kabati. Nikakumbuka nina shughuli mjini.

Blandine anataka kuanzisha klabu ya wachezaji, Jumapili baada ya misa. Klabu inahitaji rais. Jumamosi, sikukuu ya wanawake, rafiki zake watakusanyika kwake. Ameniambia nipeleke orodha, nieleze mbele ya wote, tujaribu zote tatu. Rais Urbain! Guy amekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Kuchagua si kazi ngumu. Niliangalia majalada kwenye simu huku nikipiga barua za watu pale secrétariat, karibu na soko. Ya nne ina bibi mrembo mwenye mwavuli. Imeingia. Ya sita ina ngazi tu. Nani ataogopa ngazi? Mteja wangu alilalamika kwamba katika barua yake ya kuomba likizo nimeandika "mwavuli" mara mbili. Watu hawana subira.

Mchana dhamiri ilinisumbua. Nilimwendea Mukendi wa salle, ukumbi wa michezo ya video, akaniazima konsoli ya zamani yenye Morvane za mwanzo. Nikamwachia pasi yangu ya nguo iwe rehani.

Saa nane mchana nikaanza ya kwanza. Mlango wazi, redio ikiimba nyimbo za kanisa. Picha za kizamani! Mzimu anafanana na godoro lililosimama. Nilicheka kwa sauti. Kisha lifti ikafunguka yenyewe.

Tantine Berthe, dada wa marehemu baba, ambaye nakaa kwake, alikuwa mlangoni akiparua samaki wa ziwa Tshangalele. Aliuliza kwa nini nimesimama juu ya kiti. Nilisema napima dari.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Tantine alirudi kanisani na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Akakaa karibu yangu, akatazama ile lifti. Nilimweleza kwamba niko katikati ya utafiti. Aliuliza kama utafiti hufanywa kwa macho yaliyofumbwa. Kisha akaninyang'anya manette, kile kifaa cha kuchezea.

"Minye nitacheza. Weye andika."

Akaingia kwenye lifti! Mzimu alipotokea, Tantine alimpiga kwa taa ya mezani mpaka akaanguka. "Ule mufu hana adabu," akasema. "Anaingia mu chumba ya bantu bila hodi." Kabla ya kusonga bukari, ugali wa jioni, alikuwa amemaliza ghorofa ya chini yote. Mimi nilikuwa chini ya blanketi nikiandika. Mpango huu ni mzuri: mikono yake, akili yangu.

Nilimkumbusha kwamba Kwaresima imeanza. Alijibu kwamba ameacha sukari, na Mungu hajadai zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Hila ya juu kabisa! Nilikwenda kwa Guy na simu yangu nzima, nikasema inapoteza sauti. Alipokuwa akiifungua nikamwambia, kama jambo dogo, kwamba nina rafiki mgonjwa kule Kapolowe anayetaka kujua Morvane zipi acheze. Guy aliuliza rafiki anaumwa nini. Nilisema miguu.

Akanipa yote bila kinyongo. Acheze ya pili, ya nne na ya saba. Ya kwanza ni nzuri ila mwendo wake mzito kwa mtu mgeni. Ya tatu inategemea kushtua tu. Ya tano ni risasi mwanzo hadi mwisho, wala si ya kutisha. Ya sita ina kasoro, mchezaji hunasa ukutani. Aliandika hata kwenye karatasi. Na simu akairudisha akisema haina ugonjwa.

Nilifika barabarani nikasimama. Mbona mwema hivyo? Mtu anayetaka urais wangu ananipa siri bure? Mtego! Niligeuza karatasi yote. Anachosema tucheze, tuache. Anachosema tuache, tucheze. Orodha yangu: ya tatu, ya tano, ya sita. Ya kwanza nimeiacha, maana ina lifti. Bibi wa mwavuli nimemtoa kwa uchungu, lakini siasa ni siasa.

Nyumbani Tantine ameshaanza ya pili. Anasema hiyo ndiyo, kwa sababu tangu mwanzo kuna mama anayerudi ndani ya moto kumtafuta mwanawe, na unajua kabisa unaogopa kwa ajili ya nani. Nilimwambia hayo ni maoni ya mtu asiye na utaalamu. Aliniongezea samaki.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuyaandika ya leo. Nitaandika hata hivyo.

Nyumba ya Blandine ilijaa wanawake wa kitenge kimoja, Tantine akiwemo, kwani mtaa mzima ulialikwa. Guy alikuja kuleta ralonje aliyoombwa, ule waya wa kurefushia umeme, akabaki. Nilisimama nikatoa hotuba kuhusu uoga. Nzuri sana. Nikatangaza orodha. Guy alinitazama kama mtu anayeona simu imetumbukia kwenye ndoo.

Tukaanza ya tano. Risasi. Risasi tena. Baada ya nusu saa mwanamke mmoja aliuliza sehemu ya kutisha iko wapi. Nilisema uoga uko ndani ya moyo. Aliniomba niutoe basi, watu wanasinzia.

Ya sita. Mchezaji wangu alipanda ngazi na miguu ikaingia ukutani. Tulimtazama akitetemeka hapo muda mrefu. Wakacheka, lakini si kwa namna niliyoitaka.

Ikabaki ya tatu. Walifunga mapazia. Nilikuwa nimepanga kufumba macho na kubonyeza vitufe kwa kukisia. Nilisahau kwamba masikio hayafumbwi. Mtoto akalia kabatini.

Sehemu inayofuata nimeelezwa na wengine. Inasemekana niliitupa manette, ikaangukia kwenye sufuria ya sombe, kisamvu cha sherehe. Inasemekana nilipita mlangoni na pazia likiwa mabegani. Sauti ya Tantine niliisikia mwenyewe, nikiwa uani:

"Mutoto analia, na weye unakimbia?"

Aliifuta manette kwa kitenge, akafungua kabati, akambeba mtoto. Hakuna zaidi. Ndani ya kabati kulikuwa na mtoto tu! Kisha akamwomba Blandine aweke ya pili. Nilisikiliza dirishani. Moto, mama, vyumba vinavyoungua. Hakuna aliyecheka wala kusinzia. Nilipochungulia, Blandine alikuwa anafuta machozi, na Guy pia.

Jumapili, 9 Machi

Uchaguzi baada ya misa. Tantine Berthe, présidente, kwa kura zote. Guy, katibu. Mimi, mtunza ralonje.

Guy alitembea nami kurudi. Nilimshambulia kabla hajaanza: nilisema orodha yake ilikuwa mtego. Alisimama.

"Urbain, nilikupa ya kweli. Rafiki wa Kapolowe nilijua ni weye."

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Uliniomba."

Nilitembea nikihesabu mawe. Nyumbani Tantine alinipakulia bukari, akaniambia taratibu kwamba kusema sijui hakujawahi kumvunja mtu mguu. Alisema pia kwamba Blandine aliuliza kama nilijikwaa na kuumia nilipokimbia.

Nimeamua. Kuanzia leo nitasema ninachokijua tu. Urbain mpya!

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi aliingia mteja pale secrétariat, msafirishaji anayeitwa Plamedi. Ana mkataba wa malori kutoka Angola, wote kwa Kireno, na anauogopa kwa sababu anatakiwa kuusaini. Akauliza kama kuna anayeisoma lugha hiyo.

Wenzangu waliinamia mashine zao. Mtu huyo alinitia huruma. Na Kireno, ukikitazama vizuri, ni Kifaransa chenye mafua. Nilimwambia nimekisoma miaka mitatu, na mwaka mmoja wa ziada kwa kupenda. Alinishika mikono yote miwili. Atarudi Ijumaa.

Kurasa kumi na nne. Nimeanza mara moja. Neno la kwanza nimelitafsiri bila shida yoyote.

Ni jina lake mwenyewe, Plamedi.