Chandarua kwa Kila Jibu

Jumatatu, 3 Juni. Kasongo.
Kazi mpya: kuuliza watu maoni. Wewe ni nani kwanza, Mkongomani, mtu wa kabila lako au wa dini yako? Unamwamini chefu, mkuu wa eneo? Korti? Polisi? Nyumba kumi kwa siku. Leo nimepata mbili! Nikitoa karatasi, milango inafungwa. Glody, mwenzangu, amemaliza kumi zake na kupiga miluzi. Ijumaa Madamu Emilienne, mkubwa wetu, atamteua mmoja wetu kuongoza kazi hii kijijini Wamaza. Mwingine atabeba begi lake. Mimi nibebe begi la Glody? Kamwe!

Jumanne, 4 Juni.
Akili ni mali. Nimemnong'oneza mama mmoja kwamba wanaojibu huenda wakapewa vyandarua, moustiquaire kwa lugha ya hapa. Sikusema lini, wala na nani. Nyumba kumi na nne! Wote wanamwamini chefu sana, korti sana, hata polisi wa barabarani. Nilipomuuliza Bi Asma, bibi wa karibu na msikiti, yeye ni nani kwanza, akanijibu: "Mutoto wangu, andika ile yenye kuleta moustiquaire."
Nimeandika Mkongomani.

Jumatano, 5 Juni.
Njia ya mwongo ni fupi. Kabla ya chai, watu thelathini mlangoni kwangu. Bi Asma mbele, kamba za kufungia chandarua mkononi. Nimetoroka kupitia jikoni. Glody amesikia yote, anasema kesho atamwambia Madamu. Kazi imekwenda, hata ile ya kubeba begi.

Alhamisi, 6 Juni.
Madamu kaniita sokoni. Nafika, nakuta lori la watu wa afya. Vyandarua! Kampeni yao wenyewe, mimi sikujua lolote! Bi Asma akanishika mkono mbele ya Madamu, akanibariki kwa sauti, eti mimi peke yangu ndimi ninayesema na kutimiza. Glody, aliyekuwa bado hajanishtaki, akaenda kusaidia kushusha vyandarua. Madamu akasema hajaona mtu anayeaminiwa hivi na wananchi, hakuna haja ya kungoja Ijumaa, kiongozi ni mimi. Alhamdulillahi! Nimepumua hadi miguuni. Nimelia kidogo pia. Nimeapa: vyandarua sitavitaja tena maishani.

Jumatatu, 10 Juni. Wamaza.
Pikipiki imenivunja kiuno. Glody kabeba begi langu. Nyumba ya kwanza, mlango umefungwa. Ya pili hivyo hivyo. Baba wa nyumba ya tatu nimemwambia, kwa upole tu, kwamba anayejibu huenda akapata mabati. Foleni sasa imefika barabarani, na wote wanamwamini chefu sana.
Vyandarua sijavitaja hata mara moja. Kiapo ni kiapo!