Mchambuzi Wenu Ameionea Albamu Yangu ya Ng'ambo

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima tangu Jumamosi, mchambuzi wenu alipoandika kuhusu albamu yangu mpya ya roki, niliyoitunga kutokana na safari yangu ya ng'ambo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ameandika kwamba "msafiri huyu hakutoka sebuleni kwa binamu yake." Si kweli. Nilishuka hadi chumba cha kufulia. Nikatia nguo zote kwenye mashine, pamoja na nilizovaa, mlango wa mashine ukajifunga. Binamu akanipigia kelele kutoka ngazini: "Kaka, hiyo ikishaanza haifunguki!" Nikakaa pale na taulo, majirani wakipita na kunisalimia kwa adabu. Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo "Nifungulie." Kama hiyo si safari, safari ni nini?

2. Anasema naimba kama mtu mwenye mafua. Nilikuwa na mafua! Niliporudi nikakimbilia studio kabla hayajapona, ili msikilizaji apate ng'ambo halisi. Fundi mitambo alivaa barakoa.

3. Analalamika kwamba wimbo "Baridi" una neno moja tu. Ndugu Mhariri, meno yakigongana, neno la pili linatokea wapi?

4. Hili ndilo limenichoma. Amemsifu mpiga besi wangu peke yake, eti "ndiye anayetufikisha mbali." Mpiga besi hajawahi kuvuka mto! Hata picha ya pasipoti aligoma kupiga, akidai kamera inamnenepesha.

Kwa hiyo naomba gazeti lako limpeleke mchambuzi huyo ng'ambo kwa gharama zenu, apate adabu. Na kwa kuwa ni mgeni wa mambo haya, nipo tayari kumsindikiza. Koti ninalo, ingawa ni la shemeji na linabana kwapani.

Nisalimie wachapaji, wapiga picha na dada wa mapokezi aliyenizuia mlangoni kwa upole.

Wako aliyejeruhiwa,
Radi, mwimbaji

N.B. Mama ameisikiliza albamu yote leo. Akafuta machozi, akaniambia, "Pole mwanangu. Kumbe uliumwa kiasi hicho, na huko kwenyewe hukukuona!" Basi, Ndugu Mhariri, mchambuzi msimtume popote. Ikiwa ameyajua yote haya akiwa kitini kwake, akisafiri si atanimaliza kabisa?