Profesa wa Alhamisi

Cherehani ya miguu ilikuwa imebaki moja tu katika maduka yote ya Likasi, nayo ilikaa kwenye dirisha la duka la Joachim, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni, imefutwa vumbi hadi inang'aa. Zéphirin alisimama mbele ya kioo akaitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama nyama ya jirani ikichomwa.

Wala hakuwa mshonaji. Kazi yake ilikuwa maneno. Huyu ndiye aliyemwuzia askari mmoja pikipiki ya askari mwenzake, na ndiye aliyechangisha matanga ya mtu aliyekuwa hai, kisha akaketi na huyo huyo marehemu wakanywa munkoyo pamoja. Lakini jamani, hata mwongo hupenda. Zéphirin alimpenda Marcelline, binti wa Tata Camille, na alimpenda kweli, hata usingizi ulimpaa. Na Tata Camille alikwisha kutamka mbele ya wajomba: mahari ni cherehani ya miguu, ifike kabla ya Pasaka. Isipofika, Marcelline atakwenda kwa karani mmoja wa Kampuni ya migodi kule Kakanda, mtu mwenye nyumba ya bati, baiskeli, na kipara.

Sasa, cherehani ile haikuuzwa. Serikali ilipoamuru maduka ya wageni wapewe wananchi, Joachim, aliyejua sana kukatika kiuno kwenye ngoma za chama mbele ya wakubwa, alipewa duka la Mgiriki. Maskini alidhani bidhaa huota rafuni zenyewe kama uyoga. Alikula dagaa za kopo, akagawa vitenge kwa marafiki wa kike, akauza mizani. Sasa kulibaki cherehani dirishani na nzi kwenye kaunta. Na aliiacha dirishani kwa akili: dirisha likiwa tupu, wakubwa wangesema duka limekufa, wangempa mchezaji ngoma mwingine.

Zéphirin akaingia.

"Cherehani haiuzwi," Joachim alisema bila kuinua macho.

"Nani amesema cherehani, citoyen? Minye nilipita kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya ile zahabu. Weye mufanyabiashara mukubwa, unakaa hapa na nzi, na zahabu iko karibu na mulango yako. Vraiment, inaniumiza roho." Akageuka kuondoka. Alikuwa fundi wa kugeuka kuondoka.

"Kuya huku! Zahabu gani?"

Zéphirin akarudi taratibu, akaegemea kaunta, akashusha sauti. Je, citoyen anaijua ile nyumba ya vitabu vya kale kule misheni, kilimani? Vitabu vya mababu wa wazungu, vimefungwa kwa ngozi, vingine panya wenyewe wanaviogopa? Basi kimo kitabu kimoja cha mzungu aliyepita nchi hii kabla ya Kampuni, akachora ramani. Penye shaba, Kampuni imekwisha kuchimba. Lakini penye dhahabu aliweka misalaba midogo midogo, na homa ikamwua kabla hajamwambia mtu.

"Na Kampuni haijue?"

"Kampuni iko na ba-ingénieur. Ba-ingénieur banasoma bitabu bipya tu."

Jibu hilo lilimwingia Joachim moja kwa moja. Akachukua kofia. "Twende sasa hivi!"

"Wee! Pale haingie muntu hivi hivi. Banaingia bachercheur, batu ba masomo mukubwa. Inaomba ruhusa ya juu, inaomba mukubwa wa kukujulisha, inaomba abacost, inaomba miwani. Bila minye, utafika Mbinguni mbele ya kufika ndani ya ile maktaba."

Hapa inafaa nikupe ukweli wenyewe, maana Zéphirin hakuwa na mpango wa kuutoa. Maktaba ile ilifunguliwa kila Alhamisi kwa mtu yeyote, bure. Sharti lilikuwa moja: kunawa mikono. Padri mzee aliyeianzisha alikuwa ameandika mlangoni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: KARIBUNI WOTE. Ndiyo maana hakuna aliyeingia. Miaka ile, chumvi ilitaka mtu unayemjua, kaburi lilitaka matabishi, yaani hongo, na foleni ya mkate ilikuwa na mwenyewe. Mlango unaosema karibuni wote! Watu wa Likasi waliusoma kwa mbali, wakajiambia kwamba huo lazima una bei ya kutisha, wakapita zao.

Wakaelewana. Zéphirin angepanga ziara, na profesa akitoka maktabani, cherehani ingetoka dirishani. Dhahabu ikipatikana, nani angehangaika na dirisha?

Masomo ya uprofesa yalifanyika nyuma ya duka, kati ya masanduku matupu. Zéphirin alimfundisha Joachim kukohoa kabla ya kusema. Alimfundisha kutolamba kidole anapofungua kurasa, kuandika kwa kalamu ya risasi tu maana wino ni haramu pale, na kusema "Tiens, tiens" kila asipoelewa kitu.

"Na nikielewa?"

"Usijali, haitatokea. Na usiharakishe, bwana. Profesa wa kweli hamalize kazi siku moja. Anayemaliza siku moja ni mwizi."

Laiti angeufunga mdomo wake kabla ya maneno hayo. Lakini ulimi hauna mfupa.

Alhamisi ikafika. Joachim alipanda kilima katika abacost, suti ya wakubwa, ya kuazima iliyombana tumbo, na miwani ambayo ilimfanya aone ngazi mbili penye moja. Zéphirin alifuata nyuma na mkoba, kama msaidizi. Mlangoni Joachim akayasoma maandishi yale meupe, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Karibuni wote," akanong'ona. "Weye, batu bana bongo! Uongo mutupu!"

Tata Camille, mlinzi wa vitabu, alikuwa Mkasai mwembamba mwenye macho mabovu, aliyejua Kilatini kuliko njia ya kwenda sokoni. Miaka na miaka alikuwa amepangusa vitabu vile akimsubiri msomaji. Zéphirin alipotangaza, "Tata mukwe, nimekuletea Profesa kutoka kampasi," mzee alishika meza asianguke.

"Chercheur?"

"Chercheur mwenyewe, Tata. Minye njo nilimutafuta, minye njo namuleta mbele yako."

"Na Profesa anachunguza nini?"

Joachim akakohoa. Akakohoa tena. Somo walilokariri lilikuwa mito ya Katanga, lakini kichwani mwake, yote yakiwa yamekimbia, kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu.

"Cherehani," alisema.

Zéphirin akapiga hatua mbele.

"Historia ya cherehani!" akadakia. "Namna ilifika kwa nchi yetu, nani aliileta, nani alivaa nguo yake ya kwanza... Somo mukubwa sana, Tata. Kule Kinshasa banapigana juu yake."

Na hapo Tata Camille akatoa leso akafuta macho. "Mungu ni mwema," alisema. "Nilidhani nitakufa mbele ya kuona musomi anayejali kintu kinachosaidia batu. Marcelline! Leta maji, Profesa anawe mikono!"

Marcelline akaingia na birika na beseni. Zéphirin moyo ukamruka, kama kila siku alipomwona. Msichana akamwangalia profesa usoni, akamwangalia Zéphirin, akarudi tena kwa profesa. Akammiminia maji polepole.

"Karibu, Profesa," alisema, akatoka.

Kitabu kikaletwa kimefunikwa kitambaa, kama mtoto mchanga. Ramani ilikuwemo kweli, na misalaba ilikuwemo kweli, imetapakaa toka Kambove hadi Shinkolobwe. Joachim akaanza kupumua kama aliyepanda kilima upya. Zéphirin, ambaye Mapadri walimfundisha kusoma kabla ya kumfukuza, aliinama akasoma maandishi madogo ya Kifaransa chini ya ukurasa. Mzungu yule alikuwa ameeleza wazi: msalaba ni mahali tumbo la kuhara lilipomlazimisha kusimamisha safari. Zéphirin akainuka, akatazama dari kwa heshima.

"Tiens, tiens," Joachim alisema.

Jioni, dukani, Zéphirin alinyoosha mkono kuelekea dirishani. Joachim akamshika mkono huo akauteremsha.

"Kazi haijaisha."

"Namna gani haijaisha? Uliona misalaba!"

"Nimeona. Mais profesa wa kweli hamalize siku moja. Anayemaliza siku moja ni mwizi. Weye mwenyewe ulinifundisha."

Akarudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Kwaresima ikawa inayoyoma. Tata Camille alimwekea kiti chenye mto, akamwita "Profesa wetu," akaanza kumpa bukari, ugali wa huko, na samaki baada ya kazi. Joachim, ambaye maisha yake yote alisikilizwa na nzi tu, akanogewa. Alisahau hata kukohoa kwa uongo. Sasa alikohoa kwa dhati. Na kila Alhamisi Marcelline alimmiminia maji, akitabasamu kidogo.

Zéphirin aliona yote hayo akiwa amesimama mlangoni na mkoba. Angesema nini? Akimfichua Joachim, anajifichua mwenyewe, na mahari aliyokuwa akitaka kuyapata kwa uongo yanageuka aibu mbele ya mkwe. Usiku alijigeuza kitandani akijilaani. Mpenzi wake alikuwa anamponyoka, na kamba alikuwa ameisokota mwenyewe.

Jumamosi ya kuamkia Matawi, akipita njia ya misheni, aliona mkokoteni unapanda kilima. Juu yake, imefungwa kwa kamba na blanketi, cherehani! Alitaka kulia kwa furaha. Kumbe Joachim ni mtu wa neno lake, tena ameamua kuipeleka yeye mwenyewe hadi kwa mkwe, amwondolee mwenziwe taabu ya kubeba! Zéphirin akakimbia nyuma yake, akawa anaipiga piga cherehani ile kama ng'ombe wake.

Uani kwa Tata Camille viti vilikuwa vimepangwa. Wajomba walikuwepo, mbuzi amefungwa kwenye mti, na shangazi Émérence alikuwa tayari amepiga kigelegele kimoja cha majaribio. Joachim alikaa mbele katika abacost yake, miguu pamoja.

"Zéphirin, mutoto yangu!" Tata Camille akamwita. "Tulikuwa tunangoja weye tu. Kaa hapa."

Akaonyeshwa kiti kati ya Joachim na wajomba. Kiti cha mshenga.

"Tata, hii kiti..."

"Njo desturi. Muntu wa kwanza kuleta mugeni kwa mulango yetu, njo anamusemea siku ya posa. Ulisema na kinywa yako: minye njo nilimutafuta, minye njo namuleta mbele yako. Hakuna mwingine anayeweza. Basi sema. Profesa anaomba nini kwa hii nyumba?"

Joachim akamwegemea sikioni. "Usikasirike. Zahabu ikitoka, minye nitakukumbuka. Semea minye muzuri."

Akasimama. Alikuwa amesema maneno maisha yake yote, kwa polisi, kwa wajane, kwa Mapadri, na hayakuwahi kumkatalia. Sasa yalikuwa yamekauka. Akamtazama Marcelline, aliyesimama mlangoni amefunga kilemba kipya, na mara ukweli ukamtoka wenyewe.

"Bongo!" akapiga kelele. "Yote bongo! Huyu haiko profesa! Huyu njo Joachim wa duka ya Mugiriki! Kitabu hajasoma hata kimoja. Minye nilimuvalisha, minye nilimufundisha, nipate ile cherehani nioe Marcelline. Mutanipiga, mutanifukuza, ni haki yenu. Mais namupenda huyu binti, na sitamusemea muntu mwingine kwake!"

Tata Camille alivua miwani, akaivaa tena.

"Hata ile historia ya cherehani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hata ile, Tata."

Mzee akaketi. Zéphirin hakuwahi kuona aibu maishani, lakini alipomwona mzee yule akitazama mikono yake, alitamani ardhi immeze.

Mjomba mkubwa akasafisha koo. Alikuwa mtu wa maneno machache na maamuzi mazito. "Posa iliyoingia na uongo haitoki na mwenyewe," alisema. "Inabakia hapa, amende, faini ya kutuchekesha mbele ya batu. Mbuzi vilevile."

"Mais duka yangu!" Joachim alilia. "Dirisha!"

"Weka miwani ndani ya dirisha," mjomba akamwambia.

Hapo ndipo Marcelline alipocheka. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango.

"Profesa!" alisema. "Nilinunua uzi kwa huyu muntu mwaka nzima, alikuwa ananipunja kila mara. Siku ya kwanza nikimimina maji nilimujua."

"Na ulinyamaza?" baba yake akauliza.

"Tata, weye uliniambia siondoke hapa bila cherehani. Nilingoja ifike."

Wiki ya Pasaka Marcelline aliondoka kwenda Kambove, ambako shangazi Émérence alikuwa na chumba karibu na soko, na ambako wachimbaji hupasua suruali kila siku ya Mungu. Tata Camille hakutaja tena karani wa Kakanda, na cherehani akamwachia binti. Cherehani ilikuwa nzito, lori lilikuwa juu, na wajomba walikuwa wamechoka kwa kula mbuzi. Basi waliitwa wale wawili kuipandisha, Joachim upande wa gurudumu, Zéphirin upande wa miguu. Waliinua bila kutazamana.

Dereva alipowasha mashine, Zéphirin alishika ubao wa lori. "Marcelline, nilisema kweli mbele ya bote. Haikusaidie kintu?"

Akamtazama, na safari hii hakucheka.

"Zéphirin, cherehani aliomba Tata. Minye sikukuomba kintu. Ungenikujia mikono mitupu, ukasema ile ulisema Jumamosi, tungekimbia Kambove bawili, minye na weye."

"Na sasa?"

"Sasa niko na cherehani," alisema Marcelline, akaufunika mguu wa mashine kwa kitenge, usipigwe na vumbi la njiani.