Nilikwenda Magu Kuomba Mahali

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika nikiwa nimevaa suti, mbele ya wanafunzi wangu, na aliyeniponza ni ulimi wangu mwenyewe. Sasa hivi nipo nyumbani Nyakato, nimevua tai, nimekaa kitandani naangalia ukuta. Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wanafunzi hawana dogo.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni kusimamia utafiti wa wahadhiri na wanafunzi katika chuo kimoja cha udaktari hapa Mwanza. Ukisikia hivyo unaweza kudhani nashinda nimeinamia hadubini. Wapi! Nashinda natafuta vyumba, viti, gari na sahihi za wakubwa. Muda unaobaki nasahihisha maandiko ya wanafunzi kwa kalamu nyekundu, na wananiogopa. Kosa nisilolisamehe ni kuchanganya R na L. Juzi tu nilimrudishia binti mmoja, Neema, andiko lake lote kwa sababu aliandika kwamba washiriki watapatikana "kwa kupiga kula". Nikamwandikia pembeni: "Watakula nini?" (Nilijiona mcheshi sana.)

Sasa, mimi ni Mjita. Kwenye karatasi R na L nazijua vizuri, kila moja na kwake. Mdomoni ni habari nyingine. Nikitulia nasema sawasawa. Nikiwa na haraka, hasira au haya, ulimi unarudi Majita bila kuniaga, na L inaniponyoka ikawa R pale pabaya zaidi.

Neema na mwenzake Baraka wana utafiti wa kichocho katika kijiji kimoja cha ufukweni wilayani Magu, ukishapita Kisesa. Wanahitaji chumba karibu na maji, wapokee sampuli za wanakijiji na kuzipima hapohapo. Chumba tulichoahidiwa mwanzo kimejazwa nyavu na mwenyewe hataki kuzitoa, na vingine bei yake hatuiwezi. Na hawa watoto wasipoanza wiki ijayo, wanapelekwa wodini kwa mafunzo, na utafiti wao umekufa. Wameuhangaikia mno. Neema alishaanza kulia ofisini kwangu, na mimi machozi ya watu siyawezi.

Aliyetuokoa ni Minza, muuguzi wa zahanati ya kijiji hicho. Alisema baba yake, Mzee Mabula, ana nyumba ndogo tupu karibu kabisa na ziwa. "Ila uongee na baba mwenyewe," akaniambia.

Hapa niseme ukweli, maana bila huo hamtaelewa suti. Minza nampenda. Sijamwambia. Nimeshavuka arobaini, sijaoa, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikimpigia simu kila jioni kuulizia chupa za sampuli. (Chupa zile zilihitaji simu moja.)

Basi jana nikampigia mzee.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Daktari Majura, wa chuoni Mwanza."

"Malahaba. Aa, Daktali! Minza anakutaja sana hapa nyumbani."

Anakutaja sana! Moyo ukaruka, haya ikanishika, na ulimi ukapanda basi la Musoma, kurudi Majita.

"Mzee, naomba nije tuzungumze. Ni suala la mahari."

Nikasikia redio inazimwa upande wake.

"Mahali?"

"Ndiyo, mzee. Mahari."

"Na Minza analijua jambo hili?"

"Analijua. Yeye ndiye aliyenipa wazo."

"Amekubali mwenyewe?"

"Amekubali kabisa, mzee."

"Basi njoo kesho. Ila usije peke yako. Uje na watu."

Kwa mlio mbali na kwetu, mzee ni Msukuma wa zamani, na kwake R haipo, zote ni L. Akitaka kusema mahari, inatoka mahali. Mimi nikitetemeka na kutaka kusema mahali, inatoka mahari. Kwa hiyo jana kila mmoja alikuwa anatamka neno la mwenzake, na tukaelewana vizuri sana. Nilikata simu nikajisifu kwamba ruhusa ya kijiji nimeipata kwa maongezi ya simu tu, wakati wenzangu huzunguka mwezi mzima.

Leo asubuhi nikavaa suti. (Ya utafiti. Ndiyo. Kuna suti ya utafiti.) Tulipofika Kisesa nikasimamisha gari, nikanunua sukari, sabuni na blanketi zito. Neema akaniuliza, "Daktari, blanketi ni la nani?"

"La mwenye nyumba. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Hilo nalo ni somo."

Akaitikia kwa kichwa. Masikini, alikuwa bado ananiheshimu.

Tulipoingia kwa Mzee Mabula nikashangaa. Uwanja umefagiliwa, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wazee wamekaa upande mmoja na akina mama upande wa pili. Harufu ya pilau inatoka nyuma ya nyumba. Mguu wangu ulipogusa chini tu, vigelegele! Nikawageukia wanafunzi nikawaambia, "Mnaona? Hii ndiyo jamii iliyoshirikishwa."

Tukaamkia, tukaitikiwa, tukakaa. Blanketi likapokelewa na dada yake mzee, mama mmoja mnene mwenye macho makali ambaye wote walimwita Shangazi. Alilipapasa, akalikunjua, akalionyesha kwa wenzake. Vigelegele tena. Nikasema moyoni, watu wa Magu wana shukrani kweli.

"Hawa uliokuja nao ni nani?" Shangazi akaanza.

"Hawa ni vijana wangu, mama. Neema na Baraka."

"Vijana wako? Wakubwa hivi?" Akawatazama. "Mama yao yuko wapi?"

"Mama yake Neema yuko Sengerema. Wa Baraka yuko Bunda."

Shangazi akawageukia wenzake. "Wawili," akasema kwa sauti ya chini. Akina mama wakaguna. Mimi nikatabasamu. Nilidhani anapenda kujua habari za watu.

Mzee Mabula akakohoa. "Daktali, sema mwenyewe lililokuleta."

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Mambo ya mikojo na vinyesi mtafiti haanzi nayo. Unayasogeza mbele mpaka watu wale kwanza. Kwa hiyo nikazungumza kwa adabu na kwa kuzunguka, kama ninavyowafundisha.

"Wazee wangu, nashukuru kwa mapokezi. Sitawachosha. Nimekuja kwa lile nililomweleza mzee, mahari. Tuliangalia kwingine kwanza, lakini gharama zikatushinda. Ndipo tukaja huku."

Wazee wakatazamana.

"Na sisi hatuchagui," nikaendelea. "Kama kuna ubovu wowote, tutafanya ukarabati wenyewe."

"Ukalabati!" Shangazi akashika kiuno.

"Ni kwa miezi mitatu tu."

Hapo hata kuku waliacha kudonoa. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akafungua macho.

"Miezi mitatu," Mzee Mabula akasema polepole. "Halafu?"

"Halafu tunarudisha, mzee. Katika hali ileile tuliyoikuta."

Baraka, ambaye ana akili kuliko anavyoonekana, akanivuta koti. Nikampiga mkono. Usimkatize mtafiti mkuu anapoongea na jamii!

"Na ng'ombe?" Shangazi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ng'ombe je?"

Nilijua mzee ana mifugo, nayo hulala jirani na ile nyumba ya ziwani. Nikaona mama wa watu ana wasiwasi wa mazizi. "Ng'ombe msiwe na hofu kabisa, mama. Wabaki hapahapa kwa mzee kama walivyo. Sisi hatuhitaji kuwagusa."

"Hana!" Shangazi akapaza sauti. "Mabula, huyu hana hata mmoja! Ana wake wawili na hana ng'ombe!"

Wake wawili? Hapo ndipo nilipoanza kuhisi upepo mbaya. Lakini kabla sijafungua mdomo, Minza akaingia uani akiwa na sare ya zahanati, anatoka zamu aliyoianza tangu jana, mkoba begani. Akaliona turubai, akaona wazee, akaona wanawake. Akasimama ghafla.

"Baba! Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefaliki," mzee akajibu. "Mchumba wako amekuja kutoa mahali."

"Mchumba?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka tai. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama pale, na nilishawahi kuanguka jukwaani siku ya mahafali.

"Daktari," akasema taratibu, "kwa baba yangu umekuja kuomba nini?"

"Mahari," nikasema.

Vigelegele!

"Hapana! Siyo hiyo! Mahari!" Jasho likaanza kunitoka. "Mahari pa kuwekea hadubini! Mahari pa kupimia mikojo!"

Neema akainama karibu yangu, akasema kwa upole uleule ninaoutumia mimi ofisini:

"Daktari, ni L."

Baraka akainama kufunga kamba za viatu. (Alivaa ndala.)

Ilibidi Minza awaeleze wazee kwa Kisukuma, neno kwa neno, huku amejishika mdomo. Kicheko kilianza kwa yule mzee aliyekuwa amesinzia, kikaenda kwa akina mama, kikamfikia Shangazi, ambaye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa blanketi langu. Wanafunzi wangu nao wakacheka. Mimi nilisimama katikati yao na suti yangu.

Mzee Mabula peke yake hakucheka.

"Yaani," akasema, "nimechinja mbuzi kwa ajili ya chumba cha mikojo?"

Kicheko kikakatika. Niliumia, jamani. Siyo kwa ajili yangu tena. Nilimwona Neema amekaza macho chini, na nikajua anawaza ninachowaza mimi, kwamba chumba kimekwenda na utafiti wao umekwenda nacho, kwa sababu msimamizi wao hawezi kutamka neno la darasa la kwanza.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Kosa ni langu peke yangu. Mbuzi nitamlipa. Ila hawa vijana usiwaadhibu. Si wanangu, ni wanafunzi wangu, na wanachokitafuta ni ugonjwa unaosumbua wajukuu zako humo majini. Wape nafasi. Mimi sitarudi hapa tena kama sura yangu inakuudhi."

"Hayo ya wanafunzi nimeyasikia," mzee akasema. "Sasa nakuuliza la kwangu. Binti yangu humtaki?"

Hivi mngejibu nini? Umati wote unakutazama, na binti mwenyewe amesimama pale na mkoba wake. Nikisema simtaki, nimeitukana nyumba nzima na nimedanganya. Nikisema namtaka, nimechumbia kwa ajali. Wanafunzi wangu wameacha kucheka, wanasubiri jibu utadhani ni matokeo ya mtihani.

"Sijasema hivyo, mzee," nikajibu. (Namshukuru Mungu, sentensi hiyo haina L.)

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika mpaka ng'ambo ya ziwa. Minza akasema anakwenda kunawa mikono, akatoka mbio. Lakini alikuwa anatabasamu. Nilimwona mimi mwenyewe, na Baraka ni shahidi.

Tukala pilau. Hakuna aliyezungumzia tena jambo lolote, isipokuwa Shangazi, aliyekuwa kila akipita na sahani ananiambia, "Kula, Daktali, miezi mitatu ni mingi." Baada ya chakula mzee akatupeleka ziwani mwenyewe. Nyumba ni nzuri, ina madirisha mawili na mlango unaofungika. Akamkabidhi Neema ufunguo, akanipita mimi pembeni kana kwamba sipo. Neema akaupokea kwa mikono miwili na kupiga goti.

Wakati wa kuondoka Minza alisimama mbali kidogo na gari, akanipungia mkono mara moja tu. Mzee akaja dirishani kwangu. Nikateremsha kioo.

"Daktali," akasema, "mahali tumekupa. Mahali bado."

Aliyatamka yote mawili kwa L ileile, na nilimwelewa bila kuuliza.

Sasa nawaomba mtu asinicheke hapa. Anayejua mnada wa ng'ombe wa Magu huwa siku gani, aniandikie faraghani.