Tonge la Katikati ya Maombi

Leo nimejidhalilisha ukweni, na naandika mwenyewe hapa kabla Neema hajawahadithia akaongeza chumvi.

Mnajua nina sukari. Nimeambiwa majuzi tu, sasa najichoma insulini tumboni kabla ya chakula. (Mimi niliyekuwa naruka dirisha siku ya chanjo shuleni.) Nesi alinisisitizia: ukishachoma, kula. Usianze kuzunguka.

Sasa leo ndiyo nilikuwa naenda kujitambulisha kwa wazazi wa Neema, mchumba wangu, kule mtaa wa Kikuyu. Nikamwambia Neema, habari za sukari tusizitaje. Mzee akisikia mkwe ni mgonjwa na hata posa hajaleta, ataniambia nirudi zangu Chang'ombe nikauze makava ya simu.

"Shauri yako," Neema akasema.

Tukafika. Shikamoo baba, shikamoo mama, karibu mwanangu. Nikasikia sahani zinagongana jikoni. Nikaomba choo, nikajichoma fasta, nikarudi kukaa kwa adabu. Ukaja ugali, kuku na bakuli la mlenda. Tukanawa. Mambo safi kabisa.

Mzee akasema, "Tuombe."

Hakuna aliyeniambia kwamba ni mzee wa kanisa. (Neema, hili nitakukumbusha mpaka uzeeni.) Akaombea chakula. Akaombea mvua. Akaombea wagonjwa, nikaitikia amina kwa nguvu nikidhani tumemaliza. Akahamia kwa wasafiri. Jasho likaanza kunitoka, mikono ikatetemeka. Alipofika kwa viongozi wa wilaya, sahani nilikuwa naziona mbili mbili.

Nikafumbua jicho moja. Wote wamefumba. Nikamega tonge. Ningelila kavu ningepona, lakini mkono una mazoea yake, ukapitia kwenye mlenda.

"Amina."

Yaani ghafla, bila hata dalili kwamba anamalizia. Wakafumbua macho wakanikuta shavu limevimba, na uzi wa mlenda umetoka bakulini, umepita juu ya kitambaa cheupe cha mama, umefika kidevuni kwangu. Nikauvuta kwa kidole ukatike. Ukarefuka.

Neema akaangalia dari.

"Kijana," mzee akasema taratibu, "kwenu huwa mnamtangulia Mungu mezani?"

Nikaona hapa naondoka bila mke. Nikamwaga yote: sukari, sindano, chooni, nesi. Sauti inatetemeka, sijui ni sukari kushuka au ni aibu.

Mzee akashusha pumzi. "Afadhali. Nilishasema moyoni, binti yangu simpi mlafi. Ugonjwa tunauombea." Akanyanyua mikono. "Tufumbe macho."

"Baba Neema," mama akasema, huku ananisogezea bakuli la kuku, "wewe omba. Mtoto anakula."

Nimekula, nimepona, na nimeambiwa nilete posa. Mnaocheka chekeni polepole. Ila siku ya harusi, anayeombea chakula ni mama.