Dalili za Kumwita Naserian

Jumatatu, 3 Juni 2024
Msiba! Kinywa kimepona. Nilipoanza dawa ya sonona baada ya Pasaka, kilikauka kama barabara ya Mashuuru wakati wa kiangazi, na binti yangu Naserian alipiga simu kila jioni kutoka Kajiado kukiulizia. Sasa mate yamerudi. Simu imenyamaza. Kwa jirani yangu Munguti wajukuu wamejaa tena. Alinipungia mkono juu ya ua. Majivuno matupu.
Nimetoa karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa. Madhara yamejaa pande zote mbili. Utajiri!

Jumanne, 4 Juni
Nimeripoti usingizi wa mchana. Naserian ameongea nami hadi chai ikapoa! Amesema nikisinzia nisiwashe gesi. Tena nisiguse pombe kamwe. Nikaapa. Sijaonja pombe tangu nistaafu ukaguzi wa shule, lakini inapendeza kukatazwa.

Alhamisi, 6 Juni
Kutetemeka mikono hakukumsisimua. Alikuwa kazini. Kinachofuata kwenye karatasi ni kupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Haiwezekani! Baba wa Kimaasai hamtajii bintiye jambo hilo, hata akiwa anakufa. Nami nakufa, moyo umechoka kusukuma damu, daktari hakunificha. Nikampa Munguti dalili hiyo. Alicheka hadi akashikilia ua. Akauliza, mke wangu yuko kaburini, hiyo hamu nilikuwa naipeleka wapi? Mshenzi.
Jioni, wazo! Karatasi inaonya kwa herufi nzito: usiache dawa ghafla bila kumwuliza daktari. Kumbe ukiacha, kitu cha kweli hutokea. Nimechoka kudanganya. Vidonge vyangu sasa vinalala kwenye mkebe wa majani ya chai.

Jumapili, 9 Juni
Kimetokea! Kichwa kinashtuka kama kimeguswa na waya wa umeme. Kichefuchefu. Nimelia kwa sababu sufuria ilikuwa na mpini mmoja. Nilimpigia Naserian na sikuhitaji kuongeza chumvi.
Alifika kabla watu hawajatoka kanisani. Akainamisha kichwa mlangoni nimsalimu, vile tulivyomfunza akiwa mdogo. Nilisimama ghafla nimwekee mkono kichwani. Mkono ulifika. Mimi pia nilifika, mzima mzima, tukaanguka wote kwenye kochi. Akasema mtu wa dawa hii hukaa kwanza kando ya kitanda, kisha ndipo asimame. Halafu akaenda kupika chai.
Mkebe! Nilikuwa nimeusahau.
Alirudi na vidonge kiganjani. Akauliza, Papa, hivi ni nini? Nikasema ni dawa ya kufukuza wadudu. Akalia. Sikuwa nimepanga alie. Alimpigia daktari, akaambiwa nirudie dawa kama kawaida, wala nisimeze mbili kufidia. Kisha akaniambia angenipigia hata nikiwa mzima. Niseme tu nimemkumbuka. Nikasema nimesikia.

Jumatatu, 10 Juni
Nilikaa kando ya kitanda, ndipo nikasimama. Nikameza kimoja tu, baada ya uji. Jioni simu ikalia! Aliuliza habari yangu. Nikasema leo sijambo. Ukweli mtupu! Tukaongelea mvua. Tukaongelea ng'ombe wa mjomba wake. Kisha hapakuwa na kitu kingine, akaniaga. Chai yangu ilikuwa bado moto. Ng'ambo ya ua, wajukuu wa Munguti walikuwa wakigombania mpira.
Nikampigia tena kumweleza habari za goti.
Goti haliumi.